Mwongozo kwa Mwenye Kutaka Majani ya Buluu Murara

Kabla hujaingiza mkono mfukoni, simama mlangoni mwa kiwanja chako uangalie chini. Ukiwa Murara, au karibu popote katika komuni ya Karisimbi, utakachokiona ni jiwe jeusi. Huenda lilishuka tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ilipopasuka na lava ikapita katikati ya Goma hadi ikaingia ziwani. Huenda ni la zamani kuliko babu yako. Lina ncha, linatoboa viatu, na maji ukilimwagia yameshapotea kabla hujaiweka bidoni chini. Juu ya jiwe hilo unataka bustani. Tena bustani ya kijani haikutoshi: umeona kwenye simu kichaka chenye majani ya buluu, na tangu siku hiyo nyumbani kwako hakuna anayepumzika.

Basi mwongozo huu ni wako, na nakuambia mapema kwamba umetamani kitu kizuri. Buluu ya jani ni rangi nyepesi. Mbele ya udongo mwekundu wa Bukavu hufifia, na katikati ya majani mengine ya kijani hupotea kabisa. Mbele ya ukuta wa mawe ya lava hutokeza wazi, hata siku ambayo mawingu yamekalia mji tangu asubuhi. Kwa maoni yangu hakuna mji Kongo nzima unaostahili majani ya buluu kuliko Goma, na inanishangaza kwamba viwanja vyetu vinapandwa kila rangi isipokuwa hiyo.

Anza sokoni, lakini mpite muuza maua. Nenda kwa mama anayeuza mashu, zile kabichi kubwa za Kibumba. Msalimie vizuri, kisha mwombe akuonyeshe jani la nje ambalo halijashikwashikwa. Litazame: lina kijani, na juu ya kijani kuna unga wa buluu. Sasa pitisha kidole gumba. Unga umetoka, na njia ya kidole imebaki kijani kitupu. Mlipe mama huyo, maana shu uliyoiwekea alama ya kidole ni yako, na mchana utaipika.

Umeshajifunza jambo ambalo wauzaji wengi wa miche hawalijui. Ndani ya jani lile hamna rangi ya buluu hata kidogo. Kuna nta juu ya ngozi yake, chembe ndogo zisizoonekana kwa macho, nazo hutawanya mwanga. Mwanga wa buluu hutawanyika zaidi kuliko mwekundu. Kijani cha chini kikikutana na buluu ya juu, jicho linaona rangi ya shu, ya pwaro, ya mkaratusi mchanga. Mmea hautengenezi nta hiyo ili uupige picha. Unaitengeneza kuzuia maji yasitoke ndani ya jani, kurudisha sehemu ya jua kali, na kufanya matone ya mvua yateleze yakiondoka na vumbi na mbegu za ukungu.

Maana yake ni kwamba ukichagua jani la buluu, mara nyingi umechagua mmea uliokwisha kujiandaa kwa kiu. Na kiu ndiyo habari ya Murara. Mvua inanyesha, tena nyingi, lakini jiwe halishiki maji. Maji ya bomba yanavutwa kutoka ziwani kwa pampu za REGIDESO, shirika la maji la serikali, na nyumba nyingi huyapata yakiwa kwenye bidoni ya lita 20, juu ya baiskeli, juu ya tshukudu (kile chombo chetu cha mbao cha magurudumu mawili), au mgongoni mwa mtoto. Mmea unaodai bidoni mbili kila jioni unamnyang'anya mtu maji. Ndiyo sababu nasema majani ya buluu yanatufaa kuliko maua mengi tunayoyahangaikia. Hilo ndilo neno langu kuu. Yanayofuata ni namna ya kuchagua.

Kwanza tuwafukuze wadanganyifu.

Ile picha uliyoipenda kwenye simu, ya mti mfupi wenye sindano za buluu nyumba ikiwa nyuma yake, karibu hakika ni Picea pungens, mti wa Colorado na milima jirani huko Marekani. Umezoea theluji. Unataka miezi ya baridi ya kweli ndipo ulale na kuamka. Sisi tuko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, chini ya digrii mbili kusini mwa ikweta; sweta ya asubuhi inatutosha. Ukiletewa mche wa mti huo, umeletewa mgonjwa, na gharama ya kumuuguza itakuwa juu yako.

Halafu kuna yule kijana wa mtandaoni mwenye pakiti ya mbegu za waridi la buluu. Sikia: kampuni ya Suntory ya Japani, pamoja na Florigene ya Australia, ilifanya kazi miaka mingi, ikatia jeni ya rangi kutoka ua lingine ndani ya waridi, ikatangaza matokeo mwaka 2004 na kuanza kuliuza ua hilo Japani mwaka 2009. Ukilitazama bila haraka, ni zambarau hafifu. Kama maabara hizo zote zimeishia kwenye zambarau, kijana wa pakiti za dola mbili ni mwizi, na mbegu zake zikiota utapata nyanya ukibahatika.

Ortansia nayo si mdanganyifu, ila watu wanaisingizia. Ua lake linaweza kuwa buluu nzuri sana mahali ambapo udongo una asidi na alumini inapatikana kwa mizizi. Udongo usipokuwa hivyo linageuka waridi. Jani lake ni kijani siku zote, na linakunywa maji mno. Kama una kivuli na maji ya kumwaga, ipande kwa furaha, lakini usije ukaniambia umepanda kichaka cha majani ya buluu.

Lavenda na artemisia zinahitaji jicho kali zaidi. Rangi yao ni kijivu, na inatokana na vinyweleo. Pitisha kidole gumba tena: jani ni laini, na rangi haitoki. Kijivu ni rangi ya heshima, hasa kwenye ukuta mweusi, na harufu ya mimea hiyo ni zawadi. Usilipe tu bei ya buluu kwa kijivu.

Sasa nakuletea mgombea wangu wa kwanza, na najua utamkataa kabla sijamaliza sentensi: mkaratusi.

Utasema huo ni mti wa nguzo na makala. Kweli. Vilima vya Masisi na Rutshuru vina mikaratusi ya kutosha, na kuanzia mwaka 2007 hivi mradi wa EcoMakala wa WWF uliwasaidia wakulima kupanda miti inayokua haraka ili makala ya Goma yasitoke yote ndani ya Mbuga ya Virunga. Lakini mikaratusi hailingani. Mingi inayopandwa kwa ajili ya kuni na mbao ni Eucalyptus saligna na jamaa zake, ambayo majani yake ni kijani tangu utoto hadi uzee. Unayoitaka wewe ni Eucalyptus globulus, asili yake Tasmania na kusini-mashariki mwa Australia, ile ile iliyopandwa kwa wingi Addis Ababa tangu enzi za Menelik wa Pili, mji ulipokosa kuni. Ndugu yake maidenii, anayejulikana sana upande wa Rwanda, anakubalika pia.

Globulus ina tabia moja ambayo ndiyo siri ya kichaka chako. Ikiwa changa, majani yake ni mapana, yamekaa mawili mawili yakitazamana, hayana kikonyo, yanalikumbatia shina, na yamejaa unga wa buluu. Ikikua, inayaacha yote hayo na kutoa majani marefu yaliyopinda, ya kijani, yanayoning'inia. Kwa hiyo buluu ni ya utoto. Na hapa ndipo mnunuzi anapoumizwa. Atafika kwenye kitalu kando ya barabara, aoneshe mche wa kijani na kuuliza:

"Mama, huu ni ule wa majani ya buluu?"

"Ndiyo, papa, utakuwa buluu ukikua."

Ukisikia jibu hilo, shukuru kwa heshima, nunua kitu kingine kidogo ili siku ya mama huyo isiende bure, na uondoke. Mkaratusi usiokuwa na buluu ukiwa na urefu wa goti hautaipata ukiwa na urefu wa nyumba. Mche wa kweli una alama nyingine: shina lake changa lina pembe nne. Lizungushe kati ya vidole viwili, utazisikia. Lisugue kidogo jani moja la chini, unga utoke. Ukipata pembe nne, majani yasiyo na kikonyo, na unga, lipa bila kubishana sana.

Ukishaupanda, uache miaka miwili hivi mpaka shina lifikie unene wa kifundo cha mkono wako. Kisha, mvua za Septemba zinaporudi, ukate chini ya goti. Majirani watakuja kukupa pole. Wape chai. Baada ya wiki chache shina litatoa vichipukizi pande zote, na kila kimoja kitavaa majani ya utotoni, buluu tupu. Rudia kila mwaka. Utakuwa na kichaka cha urefu wa mtu badala ya mti wa mita 40 unaotishia paa la shule, nawe hutakosa majani ya kujifukizia mafua yakipita nyumba kwa nyumba, wala matawi ya kupambia kanisa siku ya harusi.

Lawama ya kwamba mkaratusi hunywa maji si uvumi. Mwaka 2009 waziri wa mazingira wa Kenya, John Michuki, aliagiza mikaratusi iondolewe kandokando ya mito na kwenye maeneo oevu. Kwa hiyo panda mmoja, usipande kumi, na uuweke mbali na tangi la maji, mbali na msingi wa nyumba, mbali na bustani ya mboga. Kichaka kinachokatwa kila mwaka kina majani machache kuliko mti mzima, na matumizi yake ya maji ni madogo. Lakini ukiacha kukata kwa sababu ya uvivu, mimi simo. Mtu asiye na panga wala nia ya kulitumia aruke mkaratusi moja kwa moja na kuendelea chini.

Huko chini anamsubiri Agave americana, binamu wa mkonge, aliyetoka Mexico na asiyehitaji kubembelezwa. Si kichaka kwa maana ya wataalamu, lakini ukubwa wake utawanyamazisha wataalamu hao: jani moja linaweza kupita urefu wa mtoto wa miaka sita. Buluu yake imechanganyika na kijivu na haichoki mwaka mzima. Anapenda jua kali na maji yanayopita haraka, yaani anapenda jiwe letu. Usimjengee kitanda. Chukua mtaimbo, panua ufa ulioko tayari kwenye lava, jaza udongo wa gunia moja uliochanganywa na changarawe za lava, mweke, mwagilia mara moja na umwache. Watu wanaomuua agave wanamuua kwa upendo, yaani kwa maji ya kila jioni.

Ana masharti mawili. Kila jani lina mwiba mgumu kwenye ncha, na utomvu wake unawasha ngozi. Asiwe njiani kwa watoto, wala karibu na kamba ya nguo. Muweke chini ya ukuta ambao usingependa mtu auruke usiku. Hapo atafanya kazi mbili kwa mshahara wa mmoja. Na ujue kwamba hutoa ua mara moja tu maishani, baada ya miaka kumi, ishirini, au hata thelathini: mlingoti wa mita kadhaa, kisha anakufa. Usilie. Kwa muda wote huo amekuwa akizaa watoto miguuni pake, na watoto hao ndio bustani ya mtu asiye na pesa. Hakuna haja ya kununua agave Goma. Kuna haja ya kuwa na jirani.

Mpungate nautaja kwa haraka, na kwa onyo. Vipande vyake vina buluu nzuri na tunda lake linalika, lakini kila kipande kinachoanguka huota. Huko Laikipia, Kenya, mipungate ya kigeni imemeza malisho ya wafugaji. Kama huna nidhamu ya kuokota kila kipande, uache.

Msipresi una wapenzi wengi Kivu, kwa sababu umezoeleka kwenye viwanja vya misheni na kwenye ua wa malisho. Cupressus lusitanica, ule wa kawaida, una mche mmoja mmoja unaoelekea buluu. Chagua kitaluni kwa kuipanga miche kumi bega kwa bega mchana, na utauona wenyewe ukijitenga. Cupressus arizonica ni buluu kweli, lakini sharti umpate muuzaji anayejua anachouza. Kabla hujapanda ua mzima wa msipresi, kumbuka vidukari vyake. Vilionekana Malawi mwaka 1986, mwaka 1990 vilikuwa vimefika Kenya, na katikati ya hapo vilikausha misipresi nchi baada ya nchi katika ukanda huu. Tawi likianza kuwa kahawia kutoka ndani, fungua majani utazame. Ua wa mmea wa aina moja hufa kwa siku moja, changanya.

Kwa mpangaji asiye na ardhi, ambaye mwenye nyumba anaweza kumwambia ahame mwezi ujao, jibu ni makopo ya rangi iliyokwisha na bidoni zilizopasuka. Toboa chini, weka changarawe, panda kalankoe yenye majani ya buluu-kijivu au echeveria. Zote zinaota kwa jani au kipande cha tawi ulichopewa na rafiki, zinakunywa kikombe kwa wiki, na siku ya kuhama zinapanda tshukudu pamoja na godoro.

Na asiye na pesa, wala kopo, wala rafiki? Huyo atembee hadi kwenye lava isiyojengwa na aangalie kwa karibu. Ile rangi ya kijivu-fedha inayofunika mawe, iliyojaa matawi madogo madogo, ni kuvu-mwani anayeitwa Stereocaulon, na ndiye wa kwanza kuweka makazi juu ya lava ya Virunga inapopoa. Ndani yake kuna bakteria wanaochukua naitrojeni hewani, na akifa anaacha udongo mdogo ambao baadaye unapokea majani mengine. Bustani zetu zote zilianza kwake. Ukimkuta kwenye ukuta wako wa mawe, tafadhali weka chini brashi ya chuma. Wapo watu wanaosugua kuta kila Desemba ili wageni wa sikukuu waone jiwe safi, na wanasugua bustani nzuri kuliko ile waliyoilipia.

Hapo naona umeinua macho kuelekea volkeno yenyewe, ukikumbuka mimea mikubwa ya ajabu ya huko juu, lobelia na senesio. Teremsha macho. Mbuga ya Virunga ilianzishwa mwaka 1925 ili mimea na wanyama wa huko wabaki walipo. Lobelia ya mlimani ikishushwa Murara hufa, nawe utakuwa umeharibu pande mbili.

Mahali pa kupanda pana uzito sawa na mmea wenyewe. Jani la buluu lipate jua. Kivulini mmea unapunguza nta kwa sababu hauihitaji, na ndani ya msimu mmoja utakuwa na kichaka cha kijani na malalamiko. Mbolea nyingi inaleta matokeo hayo hayo: majani laini, makubwa, yasiyo na unga. Na kama kiwanja chako kiko upande wa magharibi, kuelekea Himbi, Lac Vert na Bulengo, chunguza mashimo na mabonde madogo kabla ya kuchimba. Mazuku inakaa humo: gesi ya kaboni dioksidi, nzito kuliko hewa, isiyoonekana, inayoua mbuzi, mbwa na watu. Shimo lenye panya na ndege waliokufa halifai kuwa bustani, na mtoto asiingie kuokota mpira.

Utunzaji ni mfupi, kwa sababu nusu yake ni kujizuia. Usipanguse majani. Kila mgeni atataka kuyagusa, na kila mguso unaacha alama ya kijani ambayo jani lililokomaa huenda lisiizibe tena. Mwoneshe mgeni jani moja la nyuma alilowekewa yeye, mengine ayatazame. Juni hadi Agosti, vumbi la barabara zetu linapogeuza kila kitu kuwa rangi moja, nyunyiza maji masafi kutoka juu asubuhi na uache yateleze yenyewe. Maji ya kufulia hayamwagwi juu ya majani, maana sabuni huondoa nta na kuliacha jani uchi juani. Na mlima ukianza kutoa moshi mwingi, usiulaumu mche. Kwa karibu miaka ishirini, tangu 2002 hadi mlipuko wa tarehe 22 Mei 2021, ziwa la lava la Nyiragongo lilimwaga gesi ya salfa angani, na mvua yenye asidi hula nta ya majani. Yakatwe yaliyoungua, vichipukizi vipya vitakuja na nta yao.

Mkaguzi wa mwisho ni mbuzi wa jirani. Usimfukuze siku ya kwanza. Mwache auone mche ukiwa bado kwenye mfuko wake, kabla hujavunja jiwe hata moja. Mkaratusi ataunusa na kuondoka, agave ataiheshimu. Akila, umeokoa kazi ya siku nzima kwa bei ya mche mmoja, na sasa unajua kwamba kwanza unahitaji ua.

Najua kuna atakayesema: mji huu uliingiwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, uwanja wa ndege ukafungwa, benki zikafungwa, watu wakazika watu wao, nawe unazungumza habari za majani. Ndiyo, nazungumza, na kwa moyo wote. Mwaka 2002 watu walirudi na kujenga juu ya lava iliyokuwa bado na joto, bila kusubiri mpaka mambo yatulie. Mtu wa Murara ana haki ya kutoka mlangoni asubuhi akakuta kitu kizuri kilichokuwa chake jana na ambacho ni chake leo. Kichaka cha majani ya buluu kinamgharimu kidogo, hakimnyang'anyi mtoto wake maji, na kinaota kwenye jiwe ambalo kila mtu aliliita la bure.

Kwa hiyo namalizia na wewe mwenye agave kubwa pembeni mwa ukuta, yule ambaye watoto wamemzunguka mpaka huwezi kupita. Vaa glavu, chimba watatu kabla mvua za Septemba hazijaanza, na uwapelekee majirani wa avenyu yako. Usiwauzie.